Jibu: "Kampuni inanipa kamisheni nono nikiwahamishia wateja wote, nikubali?"

Usisaini. Weka kalamu chini, soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kunitukana nitukane.

Umeuliza vizuri tu: soko la bima linabadilika, bei zinapanda, kampuni zinabana, sasa broka, sisi tunaowatafutia wateja bima, adai nini kwa kampuni ya bima? Ukataja kamisheni, mfumo wa mtandaoni, kasi ya kulipa madai, mafunzo kwa vijana wa ofisini, na abaki na kampuni ngapi. Sawa. Lakini katikati ukapenyeza kwamba meneja wa mahusiano wa kampuni fulani amekuahidi kamisheni ya ziada ukimpelekea sehemu kubwa ya wateja wako kabla ya mwaka kuisha, na kwamba amekuhakikishia "masharti hayataguswa". Amekuhakikishia kwa mdomo. Hapo ndipo nilipoacha kusoma swali nikaanza kuandika jibu, kwa hiyo nikiruka kitu utanisamehe.

Ahadi hiyo hiyo nilipewa mimi, karibu neno kwa neno, mpaka nimejiuliza kama ni mtu yule yule.

Alikuja ofisini kwangu suti imenyooka, tabasamu limenyooka zaidi. Akaniambia, "Kaka, sisi na nyinyi ni familia sasa." Wakuu, mtu wa kampuni ya bima akikuita familia, uliza kwanza urithi unagawanywaje. Mimi sikuuliza. Nilihamisha karibu wateja wangu wote wa bima za mali: maghala, maduka, karakana ndogo ndogo. Mwaka wa kwanza ulikuwa raha tupu. Madai madogo yalilipwa haraka, kamisheni ikaingia, nikawa natoa mihadhara humu jukwaani kuhusu "ubia wa kweli na kampuni za bima". Mods tafadhali msizifukue zile posti.

Mwaka uliofuata soko likabana. Nieleze hapa, maana nimeona kuna mdau juu anasema bei za kwetu haziwezi kuguswa na vimbunga vya mbali. Zinaguswa. Kampuni yako ya bima nayo ina bima yake, bima mtawanyo, na mikataba mingi ya bima mtawanyo duniani huhuishwa tarehe 1 Januari. Kimbunga Ian kilipiga Florida mwishoni mwa Septemba 2022, na mazungumzo ya kuhuisha mikataba ya Januari 2023 yakawa magumu na yakachelewa mno, kampuni zikikimbizana na tarehe huku hazijui zitabebewa kiasi gani na kwa bei gani. Sasa piga picha ya msururu ulivyo: wa bima mtawanyo anamchelewesha mtu wa kampuni, mtu wa kampuni anakuchelewesha wewe, wewe unamchelewesha mteja. Wote hao wana kisingizio. Wewe peke yako ndiye uliye na mteja anayekupigia simu.

Basi mwaka huo masharti ya kuhuisha yalinifikia Ijumaa jioni, mikataba inaisha Jumapili usiku. Barua pepe fupi: "Masharti kama mwaka jana, bei imepanda kidogo." Kimeambatanishwa kitabu kizima. Mimi nina rundo la wateja wanaoisha siku ile ile, kwa sababu kwa akili zangu nilikuwa nimewapangia wote tarehe moja ili iwe rahisi kwangu. Nikakopi yale maneno, nikawatumia: "Masharti kama mwaka jana, bei imepanda kidogo." Wakalipa. Mimi nikaenda kulala.

Ndani ya kile kitabu, kwenye ukurasa ambao hakuna binadamu anaufungua Ijumaa jioni, kulikuwa na sharti jipya: mali yote ya ghalani ikae juu ya paleti au rafu, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, la sivyo hasara ya maji hailipwi.

Sentimita 15 tu. Paleti chache za mbao zingetosha, gharama yake ni ya kuchekesha ukilinganisha na kilichofuata.

Kuna mama mmoja alikuwa mteja wangu tangu naanza biashara, anauza madaftari na karatasi kwa jumla. Bomba likapasuka usiku ghalani kwake. Karatasi na maji, mnajua wenyewe. Mtathmini wa hasara alikuja na futi ya kupimia. Hakuikunjua, maboksi ya safu ya chini yalikuwa yamekaa kwenye sakafu, na safu ya chini ilipolainika ikaangusha zilizokuwa juu yake. Barua ya kukataa dai ilikuwa na aya mbili.

Nilimpigia meneja wangu wa familia. Ameshahama, yuko kwa washindani wao, na bila shaka ameshapata familia nyingine. Aliyerithi kiti chake alinijibu kwa adabu nyingi: "Hilo unalosema aliliahidi halipo kwenye faili." Na kweli halikuwepo. Nilipekua barua pepe zangu zote usiku kucha nikitafuta hata sentensi moja ya ile ahadi ya "masharti hayataguswa". Nilikuta mialiko ya chakula cha mchana na salamu za sikukuu.

Yule mama hakunifokea, na ndilo lililoniuma zaidi. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si wewe uliyeniandikia kwamba hakuna kilichobadilika?" Akanionyesha kwenye simu, maneno yangu, jina langu chini. Broka ni wakala wa mteja, si wa kampuni, na kazi yake mojawapo ni kumwonyesha mteja sharti gumu kabla halijamkaba. Wakili wake alilijua hilo vizuri kuliko nilivyopenda. Dai likahamia kwenye bima yangu ya dhamana ya kitaaluma, ile inayolipa broka akimsababishia mteja hasara kwa kosa la kazi. Bima ilibeba, mimi nikalipa ile sehemu ya kujibebea mwenyewe, na ilipofika wakati wa kuihuisha bei ikaruka juu, na masharti yake, hamtaamini, yalinifikia kwa kuchelewa. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia.

Najua mjuaji mmoja atakuja kunitajia Sheria ya Bima ya Uingereza ya 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, kwamba siku hizi kampuni haiwezi kukataa dai kwa sharti lisilohusiana na hasara iliyotokea. Kweli, na ni mabadiliko makubwa, maana chini ya sheria yao ya bima za baharini ya 1906 ukivunja sharti la namna hiyo kampuni ilikuwa imeponyoka, hata kama sharti halikuhusiana kabisa na hasara. Lakini mkuu, sharti la paleti na hasara ya maji vinahusiana kama pua na mdomo. Sheria hiyo isingemwokoa mama yangu wa madaftari hata ghala lingekuwa London kwenyewe.

Mwingine ameandika "kampuni yenyewe ni kubwa, haina shida". HIH ya Australia nayo ilikuwa miongoni mwa kubwa za nchi ile, ikaanguka Machi 2001. Ila ukubwa si hoja yangu leo. Ile iliyonikata mimi iko hai na inapeta, mabango yake nayaona kila siku.

Hoja yangu ni moja, na ukisahau kila kitu humu usiisahau hii: kabla ya kujadili kamisheni, pata kwa maandishi tarehe ambayo kampuni inawajibika kukupa masharti ya kuhuisha, pamoja na orodha ya kila neno lililobadilika, na makubaliano kwamba ikichelewa, masharti ya zamani yanaendelea mpaka muda huo wa notisi utimie. Mimi nadai notisi ya siku 30 kabla ya mkataba kuisha kwa wateja wa kawaida na 60 kwa maghala na viwanda. Nikipewa 45 badala ya 60 naweza kukubali. Nikipewa "tutajitahidi" nafunga daftari.

Watu hudhani broka anataka bei ya chini. Bei ikipanda mapema naweza kuitetea mbele ya mteja. Nina muda wa kumweleza, wa kurekebisha thamani ya mali, wa kupandisha kiasi anachojibebea ili bei ishuke, wa kuzungumza na kampuni nyingine mbili, hata wa kwenda ghalani kwake kuhesabu paleti. Bei hiyo hiyo ikija Ijumaa jioni mimi ni tarishi tu. Sharti gumu nalo si dhambi, kampuni ina haki ya kuogopa maji. Dhambi ni kulificha chini ya maneno "kama mwaka jana". Kama umebadilisha nukta, niambie nukta iko ukurasa gani. Kampuni ina kompyuta, ina watu, ina hati zote mbili, ya zamani na mpya. Inashindwaje kutoa ukurasa mmoja wa tofauti? Haishindwi. Hakuna aliyeidai, na sisi mabroka tumekaa tunadai kalenda na miamvuli.

Na uwe na jina la andaraita, yule anayepima hatari na kupanga bei, siyo la meneja wa mahusiano peke yake. Meneja wa mahusiano anauza. Hana mamlaka ya kubadili koma kwenye mkataba wako. Muulize swali moja tu la kiungwana: "Kaka, wewe una mamlaka ya kusaini hadi kiasi gani?" Utaona anavyomeza mate. Soko likilegea hata meneja anaweza kukupatia upendavyo kwa sababu kila mtu anataka biashara. Soko likibana, mamlaka yanarudi makao makuu, na usipomjua mtu wa huko unabaki unapiga simu za mapokezi.

Kuhusu hiyo kamisheni ya ziada inayotegemea wingi wa wateja unaowapeleka: soma kilichotokea Marekani. Oktoba 2004 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, aliishtaki Marsh, kampuni ya mabroka ya kiwango cha dunia, kwa mambo yaliyohusu kamisheni za namna hiyo na kotesheni za kupanga, yaani bei za ushindani wa uongo. Januari 2005 wakakubali kulipa dola milioni 850 za kuwafidia wateja. Sisemi wewe unapanga njama. Nasema siku mteja wako akikatwa dai, wakili wake atauliza swali la kwanza: kwa nini ulimpeleka pale? Kama jibu lako la kweli ni "walinilipa zaidi", mimi mwenyewe nimekaa kwenye kiti hicho na hakina mto. Ukiipokea, mwambie mteja, kwa maandishi.

Ya mfumo wa mtandaoni na mafunzo yanaweza kusubiri.

Kwanza hili la tarehe zako. Umesema wateja wako wengi wanaisha Desemba 31. Hata usipohamisha yeyote, watawanye. Omba nyongeza ya miezi miwili kwa hawa, mitatu kwa wale, ili mwaka ujao wengi wasiangukie kwenye msongamano wa bima mtawanyo. Kampuni nyingi zitakubali kurefusha muda kwa malipo ya uwiano ukiomba mapema, wakati andaraita bado ana nafasi ya kukusikiliza. Ukiomba wiki ya mwisho ya Desemba utajibiwa na mashine.

Na leo hii, kabla hujalala, mtumie huyo meneja wako ujumbe. Usiandike kwa hasira wala usitaje uzi huu. Andika hivi:

"Nashukuru kwa mazungumzo yetu. Kabla ya kuhamisha mteja yeyote, naomba mthibitishe kwa barua iliyosainiwa na idara ya uandikishaji wa bima: (1) masharti ya kuhuisha yatatufikia siku ngapi kabla ya mkataba kuisha, (2) yataambatana na orodha ya mabadiliko yote ya maneno, (3) mkichelewa, masharti yaliyopo yataendelea hadi muda huo wa notisi utimie, na (4) ahadi uliyonipa kuhusu masharti kutoguswa ni ya muda gani na inahusu nini hasa."

Angalia nani anajibu. Akijibu yeye kwa simu badala ya barua, mwombe aandike. Akikuita kaka, mwombe aandike. Akikwambia idara inahitaji muda, mpe muda, huna haraka, mwenye haraka ni yeye maana ana malengo ya kufunga mwaka.

Jibu likija libandike hapa, futa jina la kampuni na la mtu. Nataka kuona hiyo namba 3 wataipindishaje.