Njiwa wa RFC 1149: somo kwa anayeanza mitandao

Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye kazi ya mitandao, isome mapema RFC 1149, mojawapo ya nyaraka zinazoeleza jinsi intaneti inavyofanya kazi. David Waitzman aliitoa tarehe 1 Aprili 1990, Siku ya Wajinga, akieleza namna ya kusafirisha pakiti za IP (vipande vya data vinavyopita kwenye intaneti) kwa njiwa. Pakiti inachapwa kwa heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F) kwenye kikaratasi, inaviringishwa mguuni mwa ndege na kubanwa kwa utepe wa gundi. Ikifika inafunguliwa na kuskaniwa. Ukubwa wa pakiti unapimwa kwa miligramu, kwa kawaida 256. Ni utani, ila umejengwa juu ya jambo la kweli kabisa: IP haijali inabebwa na nini.

Wapenzi wa Linux wa Bergen, Norwei, waliijaribu Aprili 2001. Walituma pingi 9 (pakiti za kuuliza kama upande wa pili upo), moja kila sekunde 900, zikihesabiwa kuanzia namba 0. Yakarudi majibu 4, tena kwa mpangilio huu: 0, 4, 2, 1. La haraka lilichukua sekunde 3,211, la mwisho 6,388. Tazama vizuri namba hizo, maana pakiti kupotea, kuchelewa na kupishana njiani utakutana nako hata kwenye faiba, tofauti ni kwamba huko mambo huenda kwa milisekunde.

Ukitaka kuiga, kumbuka njiwa hurudi bandani kwake tu. Fuga pande zote mbili, kisha mbadilishane ndege kwa gari kabla ya kuanza, la sivyo jibu halina wa kulibeba. Na usihangaike kufungua tovuti: TCP ya Linux (sehemu inayofungua muunganisho na tovuti), kwa mpangilio wake wa kawaida, huacha kujaribu kuunganisha baada ya sekunde kama 130, njiwa bado yuko angani.

Wanaoanza hukosea zaidi kwenye kupima kasi. Septemba 2009, Afrika Kusini, njiwa Winston alibeba kadi ya GB 4 kutoka Howick hadi Durban kwa saa 1 na dakika 8. Ukigawa gigabiti 32 (GB 4 mara biti 8) kwa sekunde 4,080 unapata karibu Mbps 7.8 (megabiti kwa sekunde), na hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu data ilikuwa bado kwenye kadi. Pamoja na kuinakili kwenye kompyuta zilipita saa 2, dakika 6 na sekunde 57, yaani Mbps 4.2. Laini ya ADSL (intaneti ya waya wa simu) waliyoshindana nayo ilikuwa imepitisha asilimia 4 tu ya data hiyo. Kwa hiyo usisimamishe saa ndege anapotua. Isimamishe faili la mwisho likishafunguka.