Kabla hujaandika "ameonewa": kwa wanaoanza Katiba ya Marekani

Neno la kwanza linalomjia mwanafunzi mpya akisoma mkasa wa mtihani ni "ameonewa". Huenda ni kweli, lakini jaji wa Marekani haanzi hapo. Anaanza kwa kuuliza: aliyetenda ni nani?

Kwa kawaida Katiba ile huifunga serikali, haimfungi mtu binafsi. Mahakama ya Juu ililisema hilo waziwazi mwaka 1883. Mwajiri binafsi akimfukuza mtu kwa rangi yake, tafuta Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, usitafute Katiba. Ukishajua ni serikali, uliza ipi. Jimbo, polisi wa mji, shule ya umma: hapo ni Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868. Idara ya shirikisho: Marekebisho ya 5 ya mwaka 1791. Haya ya 5 hayataji ulinzi sawa wa sheria. Tangu kesi ya Bolling dhidi ya Sharpe, 1954, mahakama huusoma ulinzi huo ndani ya maneno yanayodai utaratibu wa haki. Ukichanganya marekebisho haya mawili, msahihishaji atakukamata mstari wa kwanza.

Kisha tenganisha madai. Utaratibu wa haki huuliza: huyu kanyang'anywa nini, na alisikilizwa? Ulinzi sawa huuliza: kwa nini huyu, na si yule? Mkasa mmoja unaweza kubeba yote mawili, liandike kila dai peke yake.

Kwenye utaratibu, kinacholindwa ni uhai, uhuru na mali, na wengi huteleza penye neno "mali". Wanarukia kudai haki ya kusikilizwa kabla ya kuonyesha kilichochukuliwa. Katika kesi ya Roth, 1972, mwalimu wa chuo cha umma alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja ambao haukuongezwa. Alishindwa. Kutumaini kazi si kuwa nayo. Lazima dai lisimame juu ya sheria, kanuni au mkataba.

Likisimama, pima kwa mizani ya Mathews dhidi ya Eldridge, 1976: uzito wa kinachopotea kwa mtu, hatari ya kukosea kwa utaratibu uliopo, na kama hatua ya ziada ingeipunguza, kisha gharama na maslahi ya serikali. Weka kesi mbili sambamba uone mizani ikifanya kazi. Katika Goldberg, 1970, wanaoishi kwa posho ya umaskini walipewa haki ya kusikilizwa kabla ya malipo kukatwa, maana pengo la wiki chache ni njaa. Eldridge alipokea mafao ya ulemavu, ambayo hayatolewi kwa kipimo cha umaskini, na ushahidi wake mkuu ulikuwa ripoti za madaktari zilizoandikwa. Kwake, kusikilizwa baadaye kulitosha.

Kwenye ulinzi sawa, tafuta mstari uliogawa watu. Ukiwa wa rangi au asili ya taifa, uchunguzi wa mahakama ni mkali na serikali ndiyo inayobeba mzigo wa kujieleza. Jinsia hupata uchunguzi wa kati. Mengi yaliyobaki, kama umri na biashara, hupita kwa sababu yoyote inayoingia akilini, na mlalamikaji ndiye anayebeba mzigo. Usitumie kipimo kikali kwa sababu tu mkasa umekuuma.

Sheria isiyotaja rangi ndiyo ngumu. San Francisco ilidai kibali kwa kila dobi mwenye jengo la mbao. Wachina wapatao 200 waliomba wakanyimwa. Wasio Wachina wapatao 80 waliachwa waendelee, isipokuwa mmoja. Yick Wo, mmoja wa madobi hao Wachina, alishinda mwaka 1886, ingawa hakuwa raia, kwa kuwa Marekebisho ya 14 yanasema "mtu". Lakini hesabu kali namna ile ni adimu. Tangu kesi ya Washington dhidi ya Davis, 1976, athari kwa kundi fulani peke yake haitoshi, thibitisha nia ya kubagua. Kesi ya Arlington Heights, 1977, inaonyesha pa kuitafuta: historia ya uamuzi, mfululizo wa matukio yaliyoutangulia, taratibu zilizorukwa ghafla, na kumbukumbu za vikao.