Sahani za Chini ya Vyungu

Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji: "Mimea ya ndani ina faida gani kwa nyumba yako?" Nisingejibu, kwa kuwa si kawaida yangu kuandikia magazeti, lakini chini ya swali hilo mlitanguliza majibu mawili mafupi kama mfano, na yote mawili yalisema kwamba mimea husafisha hewa. Kauli hiyo nimeisikia kwa muuza maua wa kando ya barabara na kwa jirani yangu wa ghorofa ya kwanza, nami mwenyewe niliwahi kuirudia mbele ya mume wangu nilipokuwa nikitetea fedha nilizotumia. Leo nadhani si kweli, au tuseme ni kweli kwa namna isiyomsaidia mtu anayeishi Upanga, Dar es Salaam.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1989 watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wakiongozwa na Bill Wolverton, waliweka mimea ya vyungu ndani ya masanduku yaliyozibwa kabisa, wakaingiza humo kemikali kama benzini, na wakaona kiasi cha kemikali kikipungua. Walichokuwa wakikifikiria ni chombo cha angani, mahali ambapo huwezi kufungua dirisha. Miaka 30 baadaye, mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio mengi ya aina hiyo na kupiga hesabu upya, wakaona kwamba ili mimea ifanye kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka katika jengo la kawaida, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Sebule yangu ina mita 16 za mraba. Kwa hesabu ya chini kabisa ningehitaji vyungu 160, na familia ihamie ngazini. Kufungua dirisha ni bure, ingawa nakiri kwamba kinachoingia dirishani kwetu nacho si hewa ya milimani Lushoto.

Wale wa upande wa pili, wanaokataza mmea usilale chumbani kwa madai kwamba usiku hunyang'anya hewa, nao wanazidisha. Mtu anayelala pembeni yako anatumia hewa nyingi kuliko mmea wowote utakaoweza kuupitisha mlangoni.

Nilikusudia jibu langu liishie hapo, kwa neno moja la "hakuna". Lakini kila nikiliandika neno hilo namwona baba mkwe wangu amesimama dirishani na kikombe cha plastiki mkononi, kwa hiyo niruhusuni nieleze.

Alikuja kwetu kutoka Muheza mwaka 2018, baada ya kiharusi ambacho madaktari walikiita chepesi, kilichomwachia udhaifu katika mkono wa kushoto. Sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi katika vitalu vya miche kule Amani, milimani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti na bustani yake mwaka 1902. Alikuwa mtu wa kupanda na kushuka mteremko tangu alfajiri. Sasa alikuwa ghorofa ya tatu, kwenye kiti chenye mto, na sisi tulimpenda kwa namna tuliyoijua, yaani kwa kumfanyia kila kitu. Maji ya kuoga alipelekewa, chakula alifunikiwa kwa kawa, hata televisheni aliwashiwa. "Baba, pumzika tu," ndiyo sentensi aliyoisikia kuliko zote. Baada ya miezi michache alianza kuuliza leo ni siku gani, na tukijibu alikuwa akiuliza tena kabla ya magharibi.

Vyungu vilikuwa sita, vyote vyangu, na nilivinunua kwa sababu ileile ya hewa ninayoikejeli hapa. Kwa Kiswahili chetu cha mjini tunaiita yote "maua", hata ile isiyotoa ua mwaka mzima. Miwili ilimvutia mzee. Wa kwanza ni ule wenye majani mazito yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, ambao wataalamu huuita Zamioculcas. Wa pili ulikuwa mdogo, wa majani yenye manyoya laini na maua ya zambarau. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba yote miwili imetoka Uholanzi na ndiyo maana bei yake iko vile. Nilipomweleza baba mkwe habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. Ule wa majani ya kung'aa, alisema, unaota wenyewe kwetu huku pwani. Na huu wa zambarau ni wa kwao, huota juu ya mawe yenye unyevu, kivulini, karibu na vijito vya milima ya Usambara. Alisema kweli. Wa kwanza Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996, na wa pili ulipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni, baroni Walter von Saint Paul, ukapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Baba mkwe aliutaja kwa jina la Kishambaa ambalo sikuwahi kulisikia, na kwa haya za mkwe sikumwomba alirudie. Ni jambo ninalolijutia.

Tangu siku hiyo vyungu vikawa vyake. Hakuna aliyemkabidhi, alivichukua. Baada ya sala ya alfajiri alivizungukia, akichomeka kidole udongoni kabla ya kuamua kama kinywe au kisinywe, na binti yangu Zuhura, aliyekuwa na miaka minane, alimfuata nyuma akijifunza. Alimfundisha kwamba ule wa zambarau haumwagiliwi majanini, kwa sababu majani yake hupata madoa. Unawekewa maji kwenye sahani ya chini, nao unanywa wenyewe kwa mizizi. Zuhura aliupenda utaratibu huo kiasi kwamba vyungu vyote sita vikapata sahani, na sahani zote zikawa zinajazwa. Swali la leo ni siku gani likatoweka, kwa kuwa siku sasa zilikuwa na majina: siku ya kunywesha, siku ya kugeuza vyungu vipate mwanga upande wa pili.

Kisha ikaja dengue ya mwaka 2019. Walioishi Dar es Salaam wakati ule wanakumbuka. Zuhura alishikwa na homa na maumivu ya viungo, akalia akisema macho yanamuuma kwa ndani, na kipimo kikathibitisha. Wahudumu wa afya walikuwa wakipita mtaani wakihimiza watu wamwage maji yaliyotuama kwenye matairi, vifuu na vyungu vya maua, kwa sababu mbu wa dengue, Aedes, ambaye huuma mchana, huzaliana katika maji machache tu. Niliwasha tochi ya simu nikamulika sahani za dirishani. Sahani nne kati ya sita zilikuwa na viluwiluwi.

Siwezi kuthibitisha kwamba mbu aliyemuuma mwanangu alitoka humo. Angeweza kutoka kwenye mfereji wowote wa jirani. Siku ile sikutaka uthibitisho. Ilikuwa Ijumaa, na baba mkwe alipokwenda msikitini nilivishusha vyungu vyote sita hadi kwenye jalala la jengo. Aliporudi alisimama mbele ya dirisha tupu, akasema, "Nyumba imekuwa pana," akaenda kulala.

Zuhura alipona. Babu yake hakuwa mgonjwa, lakini alisali alfajiri akarudi kitandani mpaka saa nne, na wiki ya pili swali la siku likarudi. Mimi na mzee hatukulizungumza jambo lile, kwa kuwa mkwe hamgombezi mkwe wala hamwombi radhi kirahisi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akibeba maneno, na neno moja alilolibeba kutoka kwa baba yake, baada ya siku kumi na tano hivi, lilikuwa hili: "Mwambie mama Zuhura: mchanga."

Alikuwa ameliwaza siku zote hizo. Sahani zijazwe mchanga, mchanga ulowe bila maji kutuama juu yake. Ule wa zambarau uwekwe ndani ya bakuli la maji kwa nusu saa tu kisha utolewe. Na kila Jumamosi sahani zisuguliwe kwa brashi, kwa kuwa mayai ya mbu huyo hunata pembeni mwa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi. Nilishuka kuviulizia vyungu. Mlinzi hakuwa amevitupa. Alikuwa amevipanga nyuma ya kibanda chake, na viwili alikuwa ameshaviuza. Vinne vilirudi juu, akaamka navyo.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari ya jaribio ambalo Ellen Langer na Judith Rodin walilichapisha mwaka 1976, katika nyumba ya kulelea wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa makundi yote mawili walipewa mmea. Kundi moja liliambiwa mmea ni wako, utautunza mwenyewe. Kundi la pili liliambiwa wauguzi watakumwagilia mmea wako. Wazee wa kundi la kwanza wakawa wachangamfu zaidi na wenye shughuli zaidi. Inabidi niseme kwamba walipewa pia uhuru wa kuamua mambo mengine, kwa hiyo si haki kuupa mmea sifa yote. Hata hivyo nilipofika kwenye wale wauguzi nilijiona mimi mwenyewe na ile kawa yangu.

Kwa hiyo, mhariri, niliyeanza kwa kusema hakuna sasa nasema faida ipo, ila haimwendei mwenye nyumba bali anayeshika kikombe, na aachwe akishike mwenyewe. Kama nyumbani kwenu maua yanamwagiliwa na dada wa kazi, faida mmempa yeye, pamoja na kazi. Inawezekana pia kwamba kuku wawili wangemfaa mzee vilevile, kama jengo letu lingeruhusu kuku. Na mwenye mtoto anayetambaa asinunue mmea kwa uzuri wake tu: ule wa majani mapana yenye madoa meupe, dieffenbachia, ukitafunwa huvimbisha ulimi na koo.

Baba mkwe alirudi Muheza mwishoni mwa 2022, katika kipindi kile cha mgawo wa maji ambapo vyungu vilikuwa vikinywa maji ya kuoshea mchele. Aliondoka na ule wa zambarau mapajani, ndani ya basi, kuurudisha kwao. Vitatu vilivyobaki ni vyangu tena, wala sidai kwamba vimenifanya mtu bora. Kimoja kina majani matatu. Jumapili akipiga simu huwaulizia kwanza wajukuu, kisha husema, "Na sahani, mama Zuhura?" Humjibu kwamba zina mchanga, baba. Mbili zina mchanga kweli.

Msomaji wenu,
Upanga, Dar es Salaam