Wakutubi wapya, chumba cha kusomea msikitoe sadaka

Kila mwaka vijana wa mafunzo kwa vitendo wanapofika kutoka chuo cha ukutubi cha Bagamoyo na vyuo vingine, andiko la mradi wanaloniletea lina sentensi ileile: "Kuskani vitabu kutaokoa nafasi ya jengo." Mwaka huu imekuja tena, safari hii imekolezwa wino. Nawapenda sana hawa wadogo zangu. Wanaijua Koha, programu ya kuendeshea maktaba, kuliko nilivyoijua mimi katika umri wao, na DSpace, ile ya kutunzia nyaraka za kidijitali, wanaisimamisha kwenye kompyuta chakavu kabla chai haijapoa. Lakini sentensi hiyo inanichosha, kwa sababu nimeona ilichofanya. Naandika kwa wote mliopangiwa maktaba za Arusha na Moshi, ili nisilazimike kuyarudia haya kaunta moja baada ya nyingine.

1. Mkuu wa taasisi hasomi andiko lote. Anatafuta mambo mawili: fedha zinatoka wapi, na yeye atapata nini. Ukimwandikia kwamba rafu zitabaki tupu, kichwani mwake chumba kimeshapata mpangaji.

Niliwahi kufanya kazi kwenye maktaba ya taasisi moja Moshi, ambayo sitaitaja. Tulikuwa na chumba cha kusomea upande wa nyuma, chenye meza ndefu na madirisha makubwa, na ukutani rafu za mitihani iliyopita, magazeti yaliyojalidiwa na ripoti za utafiti za wanafunzi wa miaka mingi. Zikapatikana fedha za skana. Mimi na mwenzangu tukakaa tukaandika andiko, na sentensi ile niliiandika kwa mkono wangu. Niliiweka ukurasa wa kwanza kabisa, maana nilijua uongozi unalilia vyumba. Andiko likapita bila swali.

Tukaanza kazi kwa moyo wote. Kila jioni tulihesabu kurasa zilizoskaniwa, na kila mtu alitaka idadi ipande. Ili ipande, tukawa tunafungua ripoti na kuilaza kwenye kioo kurasa mbili kwa pamoja. Ili mafaili yawe mepesi, tukashusha ubora wa picha. Majina ya mafaili tuliyaacha vilevile skana ilivyoyatoa, neno moja na namba, tukisema metadata, yaani maelezo ya kila ripoti, tutaiandika baadaye. Ramani zilizokunjwa mwishoni mwa ripoti hatukuzikunjua, kwani zilizidi ukubwa wa kioo.

Hatujamaliza hata nusu, mafundi wakaja na futi za kupimia. Chumba kikakatwa kwa kuta za jipsamu, kikawa ofisi. Makaratasi yakahamishiwa stoo ya nyuma ya jiko "kwa muda", na meza zikagawiwa huku na huko. Hakuna aliyetuuliza, na hakuwa na sababu ya kutuuliza: tulikuwa tumeandika wenyewe.

Masika ikapita. Siku moja nikamkuta binti mmoja wa mwaka wa mwisho amekaa kwenye ngazi, simu mkononi, kioo kimepasuka pembeni. Alikuwa anasoma ripoti ya zamani kuhusu mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchagga, ya kijiji cha kwao. Nikasimama nyuma yake nikatazama. Picha moja ilikuwa na kurasa mbili. Anaikuza hadi herufi zisomeke, anaivuta kushoto kwenda kulia mpaka mwisho wa mstari, kisha anairudisha kushoto kutafuta mstari unaofuata, mara nyingine anaangukia ule alioumaliza. Pale kurasa zinapokutana, kwenye mshono wa jalada, herufi zilikuwa zimemezwa na kivuli. Akaniona. "Shikamoo mwalimu. Samahani, hapa jina la mfongo ni lipi?" Niliona silabi mbili za mwanzo tu, zilizobaki zilikuwa weusi mtupu. Chini yake kulikuwa na orodha ya wazee waliohojiwa, na nusu ya kila jina imeliwa vilevile.

Nikamwambia asubiri, nikachukua ufunguo wa stoo. Maboksi ya chini yalikuwa yamenyonya maji. Ripoti ile niliipata, jalada limevimba, na nilipojaribu kuufungua ukurasa ule ukatoka pamoja na wa jirani yake, wino wa mmoja umehamia mwingine. Ramani ya mwisho, aliyoichora mwandishi wa ripoti kwa mkono, ilikuwa imeota ukungu na kushikana kama chapati zilizopangwa zikiwa za moto. Wale wazee hawakuwa watu wa kuandikwa mahali pengine. Nilirudi kwenye ngazi mikono mitupu, na binti akanishukuru kwa adabu zote, jambo lililoniumiza zaidi.

Mniulize kosa lilikuwa lipi. Ubora mdogo wa picha unarekebishika: unaskani upya. Majina ya mafaili yanarekebishika. Lakini vyote viwili vinahitaji karatasi iliyo salama na chumba cha kuifanyia kazi, na hivyo ndivyo tulivyovitoa kwa sentensi moja. Kwa hiyo andikeni hivi: mradi utapunguza rafu kadhaa na kuongeza viti kadhaa, na nakala asilia zitabaki katika chumba fulani, ufunguo wake ukiwa kwa mkutubi. Tajeni chumba kwa jina. Tajeni na idadi ya viti.

2. "Mbona Marekani wameshaachana na majengo?" Niliambiwa hivi na kijana mmoja hodari sana. Basi tuwaangalie hao Marekani. Mwaka 2013, Bexar County huko Texas, katika mji wa San Antonio, walifungua BiblioTech, maktaba ya umma isiyo na kitabu cha karatasi hata kimoja. Waliifungulia wapi? Ndani ya jengo, lenye kompyuta, viti, wahudumu, na vifaa vya kusomea ambavyo msomaji anaazima na kwenda navyo nyumbani. Walioondoa vitabu vyote bado waliona msomaji anahitaji mlango wa kuingilia na mtu wa kumuuliza.

Mwaka huohuo, mwezi Aprili, ndipo ilipozinduliwa Digital Public Library of America. Wengi wenu mnaitaja kwenye maandiko yenu kana kwamba ni ghala kubwa la vitabu lililoko hewani. Sivyo inavyofanya kazi. Inakusanya maelezo ya vitu, yaani metadata, na kukuelekeza kwa mwenye kitu: maktaba ya mji fulani, makumbusho fulani, nyaraka za chuo fulani. Nyuma ya kila kiungo unachobofya kuna taasisi yenye chumba, skana na mtu aliyekaa kuandika maelezo. Na Internet Archive, pamoja na ukubwa wake wote mtandaoni, ina maghala ya kutunzia vitabu halisi ilivyokwisha kuviskani. Wao wana seva nyingi kuliko sisi tutakavyowahi kuwa nazo, na karatasi hawakuitupa.

3. Kebo hukatika. Mei 12, 2024 mnaikumbuka: kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Siku hizo kitabu cha Fizikia kilichokuwa kwenye rafu kilisomeka kama kawaida. Msidhani ni shida ya nchi zetu tu. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia mifumo ya British Library ya London, na katalogi yake ya mtandaoni haikurudi hadi Januari 2024, tena ikiwa ya kutafutia tu. Vyumba vya kusomea viliendelea kufunguliwa muda wote huo.

4. Kitabu cha kidijitali mara nyingi ni cha kupangisha. HarperCollins mwaka 2011 waliziambia maktaba za Marekani kwamba kitabu pepe chao kikiazimwa mara 26, leseni imekwisha, nunua upya. Majarida mengi tunayolipia vyuoni yanatambua mtandao wa chuo: mwanafunzi akitoka geti la chuo na simu yake mlango unafungwa, labda awe amepewa njia ya kuingilia akiwa nje. Kwa hiyo hata hicho mnachokiita cha mtandaoni kina mahali pake. Soma mkataba wote kabla ya kumwahidi msomaji chochote.

5. Sasa nije kwa wasomaji, maana ndio wanaosahaulika kwenye maandiko yenu. Mmeandika "mtumiaji atasoma popote alipo". Popote ni wapi? Njooni Arusha jioni mwone wanaoingia maktaba ya umma. Kuna watahiniwa wa kujitegemea, wanaorudia kidato cha nne au wanaofanya QT, yaani mtihani wa maarifa, hawana shule ya kwenda. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kila mmoja wao ana simu au anaweza kuiazima. Wanachokosa ni meza. Mtoto wa Unga Limited au Ngarenaro anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne, redio ya jirani ikisikika kama iko mvunguni, LUKU ikiisha saa mbili usiku, huyo ukimpa PDF hujampa maktaba. Umempa nusu yake, na bando ni juu yake.

Kuna kijana mmoja mwongoza watalii, msimu wa mvua watalii wakipungua anakuja karibu kila siku. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani anasikiliza muziki. Kumbe kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kiko wazi mezani, simu iko kando yake, na kwenye visikilizi anacheza sauti ya ndege yuleyule anayemtazama ukurasani. Akisikia, anafumba macho, anataja jina, halafu anafungua ukurasa kujihakiki. Akikosea anaandika kwenye daftari. Kitabu kizito kile ni ghali, hawezi kukinunua. Sauti zile hazipo kwenye karatasi. Na utulivu ule hapati kituo cha mabasi anakosubiria kazi. Nikiulizwa kama maktaba ya kidijitali bado inahitaji jengo, namfikiria huyu: ameketi kiti kimoja, anatumia vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakuna alichoona kinapingana na kingine.

Msinielewe vibaya, mimi si mlinzi wa rafu. Zipo rafu zinazokula nafasi bure. Miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazitumiki tena, nakala kumi za kitabu cha mtaala uliobadilishwa, maboksi ya msaada kutoka ng'ambo yaliyojaa sheria za kodi za majimbo ambayo msomaji wetu hatayafikia maishani: andikeni orodha, fuateni utaratibu wa kufuta mali, viondoke. Ila pale rafu ilipokuwa pawekwe meza siku hiyohiyo, kabla mtu hajaja na futi. Nafasi tupu maktabani haikai siku mbili bila mwenyewe. Na kabla ya kuondoa chochote angalieni namba za Dewey, zile za kupangia vitabu rafuni, 896.392 na 967.8. Fasihi ya Kiswahili na historia ya Tanzania ndizo rafu ambazo kitabu kikitoka, mara nyingi hakuna nakala ya mtandaoni ya kukimbilia.

6. Haya mengine ni mafupi.

Skani ukurasa mmoja mmoja, DPI (nukta kwa inchi) 300 kwenda juu, na ramani ikunjuliwe hata kama ni kuiskani vipande vipande. Jina la faili libebe namba ya kitabu iliyoko kwenye rejista. Metadata iandikwe siku ileile, kitabu kikiwa bado mkononi. Nakala ya akiba ikae jengo jingine, si droo nyingine. Bandika karatasi kwenye rafu kumwonyesha msomaji kwamba kitabu hiki kipo pia kwenye mfumo, kwa maana si kila mtu anafungua katalogi. Soketi ziwe ukutani karibu na meza, wala si nyuma ya kaunta ambako msomaji anaomba chaja kama anaomba hisani. Mzee akija kusoma gazeti, mwamkie kwanza, ndipo umweleze kwamba gazeti sasa liko kwenye kompyuta, kisha kaa naye ulifungue pamoja.

7. La mwisho ni saa za kufungua. Chumba kinachofungwa saa ambayo mwanafunzi anatoka shule na mfanyakazi anatoka kazini ni rahisi sana kunyang'anywa, maana anayekuja kukagua anakikuta kitupu. Simameni na daftari mlangoni wiki nzima, mwandike wanaoingia na wanaogeuzwa, saa kwa saa. Pelekeni takwimu hizo pamoja na andiko la skana, ziwe kwenye bahasha moja. Mkikataliwa kufungua Jumamosi, ombeni saa mbili za jioni kwa mwezi wa Oktoba peke yake, kabla mtihani wa kidato cha nne haujaanza Novemba. Mlinzi wa usiku yupo tayari, taa zipo, na ombi la mwezi mmoja ni vigumu kulikataa mbele ya wazazi.