Mgomo wa kula hauna magharibi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama mtu anayeutesa au kuutoa mwili wake mwenyewe ili kuipinga serikali ni shujaa, au anajiangamiza bure. Jibu langu ni kwamba ni shujaa, kwa masharti mawili: awe amejiamulia mwenyewe pasipo kutumwa na kiongozi ambaye yeye anakula na kushiba, na maumivu yote yaishie kwake. Sharti la pili nalitilia mkazo kwa sababu vyombo vyetu vya habari vimezoea kusema "amejitoa mhanga" hata juu ya mtu aliyejilipua katikati ya watu wasio na hatia. Anayewatoa wenzake mhanga hayumo katika jibu langu.

Ninaowatolea mfano ni akina mama wa Uhuru Park, bustani ya katikati ya Nairobi. Desemba 1991 Kenya ilifuta kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali, lakini watu waliofungwa kwa kuupinga utawala huo waliendelea kusota gerezani. Tarehe 28 Februari 1992 mama zao, wengi wakiwa wazee, walikwenda pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai kwa Mwanasheria Mkuu kudai waachiwe, wakaambiwa warudi makwao, nao wakaamua kuwasubiri wana wao papo hapo mjini. Wakapiga kambi kwenye pembe ya bustani ile, wakawasha mishumaa, wakagoma kula.

Nimefunga Ramadhani tangu utotoni, na naijua njaa ya saa kumi na moja jioni: ulimi umekauka, harufu ya sambusa za jirani inapenya dirishani, tende zimeshapangwa sahanini na kila mtu ametega sikio upande wa msikiti. Njaa hiyo huvumilika kwa kuwa magharibi haina budi kufika. Mgomo wa kula hauna magharibi. Anayegoma amemkabidhi mpinzani wake adhana, ili awe yeye wa kuitoa, na watu wote wamwone akinyamaza. Nguvu ya mgomo imo humo, na hatari yake pia, kwa maana wapo wawezao kunyamaza hadi mwisho. Mwaka 1981 Bobby Sands, mfungwa wa kundi la IRA lililopigana na utawala wa Uingereza, na wenzake tisa walikufa kwa mgomo wa kula katika gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini, Sands mwenyewe baada ya siku 66. Walidai watambuliwe kuwa wafungwa wa kisiasa; serikali ya Uingereza haikuwapa hadhi hiyo, ingawa mgomo ulipokwisha iliwaruhusu wafungwa kuvaa nguo zao wenyewe. Nikifikiria roho zile kumi nashindwa kuwalaumu, na nashindwa vilevile kumshauri mtoto wa mtu yeyote awaige.

Nairobi nako adhana haikutoka. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia akina mama kwa virungu na gesi ya machozi, na Wangari akapigwa hadi akazirai, akapelekwa hospitali. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari wale, vijana wa kuwazaa wenyewe. Aliyelelewa kwetu hahitaji kuelezwa laana iliyomo katika tendo hilo, wala jinsi mwanamke mzima anavyokuwa amefika ukingoni kabisa kabla ya kulitenda.

Jambo ninalolienzi zaidi, hata kuliko ule mgomo wenyewe, ndilo lililofuata. Akina mama walikusanyika upya katika kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima. Picha za virungu zilikuwa zimeshazunguka, na wengi wetu tulikuwa tumerudia shughuli zetu. Mzee anayelala chini kanisani mwezi baada ya mwezi, shamba lake likiota magugu na nyumba yake ikikaa bila mwenyewe, naye ametoa maisha yake, ila ameyatoa siku moja moja, akabaki hai wa kuulizia tena kesho yake mwanawe yuko wapi.

Kufikia mapema mwaka 1993 wengi wa wafungwa hao walikuwa wameachiwa. Koigi wa Wamwere alitoka Januari mwaka huo, na mama yake, Monica Wangu, alikuwa mmoja wa akina mama wale waliomgojea.

Msomaji wenu, Mombasa