Mkonge unakula daku: ushauri kwa anayetaka kupima gesijoto shambani

Kijana mmoja anayejiandaa kusimamia mnara wa kupima gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, juu ya shamba la michikichi huko Kigoma aliniuliza aanze na kifaa gani. Nilimjibu kwamba vifaa visimsumbue sana, kwa kuwa kila kimoja huja na kitabu chake. Aanze kwa kujua mmea wake unafanya nini saa nane za usiku. Jibu hilo lilimshangaza, na kwa kuwa mimi mwenyewe nililipata kwa hasara, naona afadhali nilieleze kwa kirefu.

Kazi hii nilijifunza katika shamba la chikichi mkoani Jambi, kisiwani Sumatra nchini Indonesia, kisha nikarudi nyumbani Tanga kutunza mnara mdogo katikati ya shamba la mkonge wilayani Muheza. Kanuni ni ile ile kila mahali. Hewa iliyo juu ya mimea haipiti moja kwa moja kama maji ya mfereji, bali hupinduka-pinduka kwa mizunguko midogo midogo, mingine ikipanda na mingine ikishuka. Kipimaupepo cha mawimbi ya sauti husoma mwendo huo mara 10 au 20 kwa sekunde, na pembeni yake kipimagesi husoma hewa ukaa na mvuke kwa kasi hiyo hiyo. Hewa inayoshuka ikiwa na hewa ukaa nyingi kuliko inayopanda, shamba linameza. Ikiwa kinyume chake, shamba linatoa. Hesabu hufungwa kila nusu saa, kwa hiyo siku moja hukupa namba 48.

Vifaa hivyo hivyo ndivyo vinavyoonyesha nishati ya jua inakwenda wapi: sehemu hupasha hewa joto, sehemu huvukiza maji, na sehemu ndogo huingia ardhini. Chikichi hufungua stomata zake, yaani vitundu vya majani vya kupitishia hewa na mvuke, mchana, na penye maji ya kutosha nishati nyingi huishia kwenye uvukizi. Mkonge mchana hujifunga. Simama saa saba mchana kwenye barabara ya shamba la mkonge uone mazigazi yanavyocheza mbele yako. Hayo ni joto lililokosa maji ya kuvukiza. Jumlisha joto la hewa na uvukizi, kisha linganisha na nishati iliyoingia baada ya kutoa ile ya ardhini. Ukifikia asilimia 70 hadi 90, uko pamoja na wapimaji wengi duniani. Ukipata 100 kamili siku baada ya siku, kagua hesabu zako kabla ya kufurahi.

Sasa nieleze kosa langu. Chikichi usiku haina jua la kutengenezea chakula, hivyo shamba zima, yaani majani, mizizi na udongo, hutoa hewa ukaa tu. Kwa sababu hiyo programu tuliyoitumia Jambi ilipangwa itupilie mbali kila namba ya usiku inayoonyesha kwamba shamba linameza, maana kwa chikichi namba hiyo ni kasoro. Niliichukua programu ile pamoja na mipangilio yake, nikaiweka Muheza, nikaridhika. Nilisahau jambo ambalo mwanafunzi wa kilimo hufundishwa mapema: mkonge, kama nanasi, hufungua stomata zake usiku ili usipoteze maji, huihifadhi hewa ukaa ndani ya majani katika hali ya asidi, kisha mchana hujifunga na kuitumia. Kwa miezi mitano programu yangu ilikuwa inatupilia mbali chakula cha mkonge chote, na ripoti zangu zikaonyesha shamba linalotoa hewa ukaa usiku na mchana bila kula. Hakuna aliyepinga. Michoro ilikuwa mizuri mno.

Aliyenizindua ni mlinzi wetu, mzee wa Kibondei aliyekata mkonge tangu ujana wake. Nilifika mnarani saa tisa usiku kubadilisha betri iliyokuwa inazimika kabla ya alfajiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo, lakini angalia miiba, usiku haina adabu."

Nilipofungua kompyuta akainama kutazama pamoja nami, akauliza kale kamstari kadogo mbele ya namba ni ka nini. Nikamweleza kwamba ni alama ya hasi, maana yake hewa ukaa inateremka kwenye mimea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Saa hizi? Kumbe mkonge nao unakula daku."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Alama zile za hasi nilikuwa nikiziona kila nilipokwenda usiku, na kila mara niliiachia programu izifute. Miezi mitatu kati ya mitano niliiokoa kwa sababu takwimu ghafi, zile za kila sehemu ya sekunde, zilikuwa bado kwenye kadi ya kumbukumbu. Za miezi miwili ya mwanzo zilikuwa zimefutika kwa kuandikwa nyingine juu yake, kwa kuwa nilibana matumizi nikanunua kadi moja. Nunua kadi za kutosha, na usifute takwimu ghafi hata mara moja.

Usiku una tatizo la pili, nalo ni upepo kulala. Hewa ikitulia, mizunguko hufa, na mnara husoma kidogo kuliko kinachotokea kweli. Katika michikichi iliyorefuka, gesi inayotoka udongoni hujikusanya chini ya makuti na kutoka kwa mkupuo jua linapochomoza. Kwa hiyo weka mirija ya kuvuta hewa katika vimo kadhaa, kuanzia karibu na ardhi hadi juu ya mnara, upime kilichojificha humo. Namba za usiku uliotulia mno ziondoe, ujaze nafasi zake kwa kutumia namba za usiku wenye upepo. Usipofanya hivyo shamba la chikichi litaonekana linafyonza kuliko uwezo wake, na kwa kuwa nchi yetu sasa ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, namba hiyo inaweza kuuzwa. Kwa mkonge kosa lile lile hugeuka: utulivu huficha kile ulichokula, na mwenye shamba ndiye anayepunjwa.

Kwa wa Pwani, neno moja kuhusu upepo wa msimu. Nilisimika mlingoti wakati wa kusi, vifaa vikitazama kusini. Kaskazi ilipoingia, hewa ilivifikia baada ya kugonga mlingoti wenyewe, na ubora wa vipimo ukaporomoka. Waulize wavuvi kabla ya kuchimba shimo.

Mnara nao hauoni kila kitu. Mikungu ya chikichi inapobebwa kwenda kukamuliwa, kaboni iliyomo huondoka kwa lori, na lazima uipunguze kwenye hesabu. Mizani ya shamba ni kifaa cha sayansi kama kile kipimagesi cha infraredi. Michikichi michanga, iliyopandwa juu ya ardhi iliyofyekwa karibuni, kwa kawaida hutoa zaidi ya inavyofyonza, hivyo usichukue namba za shamba lililokomaa ukazipachika kwenye miche. Mbolea ya naitrojeni hutoa oksidi ya naitrasi, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa, na kipimagesi cha kawaida hakiioni kabisa. Hiyo utaipima kwa makopo yenye mfuniko yanayowekwa juu ya udongo, hasa kuzunguka shina pale mbolea inapomwagwa. Kwetu kuna pia mabaki ya korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge: singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na sehemu kubwa ya yaliyobaki hulundikwa ikaoza na kutoa methani.

Kijana wa Kigoma ameshanitumia picha ya mahali anapotaka kusimamisha mnara. Vifaa vitakaa mita 10 juu ya makuti, kwa hiyo vitakuwa vinanusa hewa kutoka umbali wa hadi kama kilomita moja upande upepo unakotoka. Ukitazama vizuri nyuma ya mstari wa tatu wa michikichi, unaona moshi wa jiko la kukamulia mawese. Nimemwomba asichimbe bado.