Maswali ya Wasomaji: Platini Ina Kazi Gani Katika Kutenganisha Maji kwa Mwanga?

SWALI: Mhariri, ninafundisha kemia katika shule ya upili hapa Nairobi. Nimesoma kwamba unga wa titaniamu dioksidi ukimulikwa ndani ya maji huweza kuyatenganisha yakawa haidrojeni na oksijeni, lakini watafiti huupachika chembe za platini. Ikiwa unga ndio unaofyonza mwanga, platini ni ya nini? Na mbona wasiiongeze zaidi?
Mwalimu, Kasarani

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, platini haiongezi mwanga unaofyonzwa; ni kichocheo saidizi tu. Mwanga ukiipiga semikondakta kama titaniamu dioksidi, elektroni huruka na kuacha nafasi tupu yenye chaji chanya. Elektroni ndiyo itakayozalisha haidrojeni, na nafasi tupu oksijeni, lakini hizo mbili huvutana, na nyingi hurudiana kabla ya kuyafikia maji, nishati ikaishia kuwa joto. Platini huzipokea elektroni na kuzitenga, kisha huharakisha mmenyuko wa haidrojeni, ambao juu ya titaniamu dioksidi tupu hujikokota. Upande wa oksijeni huwekewa oksidi ya kobalti au ya rutheniamu.

Njia moja ya kuipachika ni kwa mwanga wenyewe: unga mweupe hukorogwa katika maji yenye chumvi ya platini na methanoli kidogo, ukamulikwa, na taratibu ukageuka kijivu. Rangi hiyo inadokeza jibu la swali lako la pili, kwa kuwa chembe zikizidi huziba mwanga, tena huwa mahali pa elektroni na nafasi tupu kukutania. Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni nyingine: platini huchochea pia haidrojeni na oksijeni kuungana tena kuwa maji. Ndiyo maana kikundi cha Kazunari Domen, nchini Japani, kiliivika rodiamu, metali nyingine inayochochea haidrojeni, ganda jembamba la oksidi ya kromiamu, ambalo huruhusu haidrojeni kutoka lakini huizuia oksijeni kuingia.

Mwaka 2020 watafiti hao walipachika rodiamu na kromiamu kwenye baadhi ya nyuso za fuwele za strontiamu titaneti, semikondakta nyingine, na kobalti kwenye nyuso nyingine, wakafikia ufanisi wa takriban asilimia 96 kwa miale ya urujuanimno. Hata hivyo, mtambo wa mita 100 za mraba ulioripotiwa mwaka 2021 ulifikia asilimia 0.76 tu ya nishati ya jua, kwa sababu strontiamu titaneti hufyonza urujuanimno pekee, ambao ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua, hata la Nairobi la Januari, na hilo halitatuliwi na kichocheo saidizi chochote.